Nasaha kwa Mjuzi Aingiapo Dojo ya Wenyewe

Nasaha hizi sikumwandikia mwanafunzi mpya. Mwanafunzi mpya hanisumbui. Akisimama pasipo pake huelekezwa, akifunga mkanda ovyo hufungiwa upya, naye husema asante. Anayenikosesha raha ni mjuzi: mtu aliyekwisha kuiva katika karate, taekwondo au judo huko alikojifunzia, akaja kututembelea hapa Mitaboni, na mazoezi ya jioni moja yakatosha kuiacha dojo nzima na kinyongo. Wala si mmoja. Kila mwaka, hasa Desemba watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, tunawapata wageni wa namna hiyo, na kila mwaka naona adabu inazidi kupungua.

Kuja kwao si kosa, naomba nieleweke hapo. Kutoka Nairobi hadi Machakos mjini ni kilomita 60 na ushei, na kutoka Machakos kuja kwetu, upande wa milima ya Iveti, ni safari fupi ya matatu. Wengi wa wageni hawa ni watoto wa huku huku waliojifunzia Nairobi au Mombasa, na wengine Ughaibuni walikokwenda kutafuta riziki. Mwili uliozoea mazoezi haukubali kukaa likizo nzima ukila muthokoi na nyama ya mbuzi bila kutoka jasho. Hilo nalijua, na nampenda mtu ambaye hata sikukuu haimsahaulishi mazoezi. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walisema kweli. Sisi tunaopambana na watu wale wale mwaka mzima tunaihitaji ngumi tusiyoizoea na teke linalotoka upande tusioutarajia. Ndiyo maana nakasirika. Jambo lenye faida kubwa hivi linaharibiwa na watu wazima kwa kukosa adabu waliyofundishwa siku ya kwanza walipovaa sare nyeupe.

Omba ruhusa kabla hujaja. Usiombe mlangoni, wala usiombe ukiwa umeshavaa. Mpigie sensei, yaani mwalimu wa dojo, simu siku mbili tatu mapema, ujitaje jina, utaje mtindo unaoufanya na mwalimu aliyekufundisha, kisha uulize kama utakubaliwa. Akikwambia wiki hiyo kuna mtihani wa mikanda, mshukuru ungoje. Na kabla ya kumpigia yeye, mjulishe mwalimu wako mwenyewe. Mwanafunzi anayetembelea dojo za watu bila mwalimu wake kujua huwagombanisha walimu wawili ambao pengine hata hawajawahi kuonana.

Fika mapema, usalimie watu. Hili la salamu sikutarajia kuliandika, lakini naona imefika mahali liandikwe. Dojo nyingi za miji midogo hazina jengo lake; hupangishiwa ukumbi wa kanisa, darasa la shule au ukumbi wa kijamii. Kwa hiyo ukifika utamkuta mlinzi, ambaye mara nyingi ni mzee, na utamkuta mama wa chai, tunayemwita mwaitu kwa heshima yake. Hawa ndio wanaozivumilia kelele zetu za kiai jioni hadi jioni. Mgeni anayewapita kama nguzo, begi begani na simu sikioni, halafu akaingia ndani na kuinama hadi kiunoni mbele ya picha ya Mjapani aliyekufa zamani, huyo hajajua heshima ni nini. Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa na kuipeleka Tokyo mwaka 1922, aliwaachia wanafunzi wake kanuni 20, na ya kwanza inahusu heshima. Hakusema heshima hiyo ianzie kwenye zulia.

Kuhusu kuinama kwenyewe nina neno, kwa sababu hapa kwetu ni watu wa kanisa. Wapo wanaoona kuinama mbele ya picha au ukuta ni ibada, na dhamiri yao inakataa. Sigombani na dhamiri ya mtu. Lakini mtu mwenye shaka hiyo amwendee sensei pembeni kabla ya mazoezi, amweleze kwa upole, naye sensei atamwonyesha pa kusimama na la kufanya. Kusimama mstarini umekunja mikono kifuani wakati wenzako wameinama, watoto wakikutazama, ni kiburi hata ukikipa jina la imani.

Sasa mkanda, na hapa nitakaa.

Mkanda mweusi ni kitu cha juzi. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, ndiye aliyeanza kuwapanga wanafunzi wake kwa madaraja ya dan, na mkanda mweusi ukafuata katika miaka hiyo hiyo ya 1880. Karate iliuazima utaratibu huo baadaye. Funakoshi alitoa dan zake za kwanza mwaka 1924. Walimu waliomfundisha yeye kule Okinawa, Anko Asato na Anko Itosu, walikuwa mabingwa kabla kiuno cha mtu hakijatumika kutangaza ubingwa. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaojibeba kana kwamba walizaliwa na mkanda, na kwamba popote wanapoingia sharti watu wasogee. Mkanda wako ulitolewa na mwalimu fulani, baada ya mtihani fulani, mbele ya mashahidi fulani. Mbele ya watu wengine wote una uzito ule tu ambao sensei wa hapo ataamua kuupa, na ana haki ya kutoupa wowote.

Kwa hiyo beba mikanda miwili begini, wako na mweupe. Kama mtindo ni ule ule na chama ni kile kile, muulize sensei uvae upi, ukimwuliza kwa namna inayomwachia nafasi ya kusema mweupe. Kama mtindo ni mwingine, vaa mweupe bila kungoja kuambiwa. Mtu wa taekwondo anayeingia dojo ya karate ni mwanafunzi mpya wa karate, hata kama anaweza kukupiga teke la kichwa akiwa amelala. Halafu simama mwisho wa mstari. Ukiitwa mbele, nenda. Usipoitwa, kaa huko huko na watoto wa mkanda mweupe, uwasaidie kwa mfano wa utulivu wako.

Nimemwona mtu wa judo, mwenye dan zake za haki, akija kwetu na mkanda mweupe uliofuliwa ukanyooka. Alisimama nyuma ya watoto wa shule ya msingi. Hakusema alikotoka. Lakini tulipoanza kupasha viungo moto, namna alivyoanguka na kuinuka sakafuni bila kutoa sauti iliwafanya wote wageuke. Sensei alimwita mbele mwenyewe, akamwomba atufundishe kuanguka, na hadi leo tunaanguka alivyotufundisha. Mwaka ule ule alikuja mwingine, mkanda mweusi wenye mistari ya dhahabu na jina lake limetariziwa, akajipeleka mwenyewe mbele. Huyo hakuna anachokumbukwa nacho ila mistari.

Kuna jambo linalonigusa kuliko hilo la mkanda, na sijasikia watu wakilizungumza. Ni umri.

Sensei wa dojo ndogo mara nyingi ni kijana. Mchana anaendesha boda boda au anafundisha shule, jioni anafundisha karate, na malipo anayopata hayamalizi hata kodi ya ukumbi. Ana dan moja, pengine mbili. Wewe mgeni una nywele nyeupe, una dan tatu, na pengine ulikuwa darasa moja na baba yake. Katika malezi yetu kijana hamkosoi mtu mzima mbele ya watoto. Kijana aliyelelewa vizuri ataona haya hata kukwambia kwamba umesimama mahali pasipo pako. Hapo ndipo wajuzi wetu wanapomtia kabali bila kumgusa. Mtu anasema, “Sensei, hebu niwaongoze dakika kumi,” na kijana anajibu, “Sawa, mzee.” Dakika kumi zinakuwa saa nzima. Mzee anarudi nyumbani anasimulia jinsi alivyopokewa vizuri. Hakupokewa vizuri. Kijana hakuwa na mlango wa kutokea.

Ninyi wenzangu wenye umri, mzigo huu ni wetu sisi. Kijana hawezi kuutua, kwa sababu akiutua ataitwa mkosefu wa adabu. Ukiingia, wewe uwe wa kwanza kuinama, na uiname chini kuliko yeye. Mwite Sensei kwa sauti inayosikika hadi mstari wa mwisho. Mwombe mbele ya wanafunzi wake akusahihishe kama anavyowasahihisha wao, ili apate ruhusa ambayo malezi yake yanamnyima. Na akikusahihisha, itikia “Oss” ufanye alivyosema, hata kama mwalimu wako alikufundisha vingine kwa miaka 20. Usimweleze sababu. Usitabasamu lile tabasamu la mtu mzima anayemvumilia mtoto. Wanafunzi wake wanaliona, na kesho watalijaribu. Heshima si utumwa. Mazoezi yakiisha na mkatoka nje, yeye atarudi kukuita mzee, atakuletea kiti na kukumiminia chai, na hapo kila mmoja atakuwa amepewa haki yake mahali pake.

Usimsahihishe mwanafunzi wa mtu. Mwanamke mwenye akili akialikwa kwa mwenzake hafunui masufuria yaliyo jikoni na kuongeza chumvi. Wajuzi wetu wanafunua yote. “Kwetu tunafanya hivi,” ndiyo sentensi yao, na ningekuwa na uwezo ningeipiga marufuku katika kaunti nzima.

Nitatoa mfano, maana wengine wanadhani nasema ya hewani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Itosu alitunga kata tano, yaani mifuatano ya mapigo na kinga, kwa ajili ya watoto wa shule za Okinawa, akaziita Pinan. Funakoshi alipozipeleka kwa Wajapani alizipa jina la Heian, tena akabadilisha nafasi za zile mbili za kwanza. Kwa hiyo kata ambayo mtu wa mtindo wa Shotokan huiita Heian Shodan ndiyo ile ambayo watu wa Shito-ryu na Wado-ryu huiita Pinan Nidan. Na zikichezwa hazifanani. Penye kinga ya mkono-kisu katika kata hizi, mtu wa Shotokan hukaa kokutsu-dachi, hatua ndefu, uzito umelala mguu wa nyuma. Mtu wa Shito-ryu husimama neko-ashi-dachi, hatua fupi, kisigino cha mbele kimeinuka. Wote wawili wako sawa. Kila mmoja ana hoja yake na mwalimu wake na miaka yake ya jasho. Sasa mjuzi akiona mtoto wa mkanda wa njano amesimama hatua fupi, akadhani mtoto amekosea, akamvuta mguu, akamwambia na jina la kata si hilo, amefanya nini? Amemvurugia mtoto kitu alichokijenga kwa miezi, na amemtia shaka juu ya mwalimu wake. Kwetu limetokea: mtoto wa namna hiyo alikwenda kwenye mtihani wa mkanda hajui amfuate nani. Akashindwa. Mjuzi alikuwa amesharudi mjini.

Liko jambo moja tu linaloruhusu mgeni kufungua kinywa, nalo ni hatari. Ukiona mtoto ameficha kidole gumba ndani ya ngumi, au wawili wanaachiana mateke ya goti lililonyooka, usingoje. Mwendee sensei, umwambie kwa sauti ya chini, yeye ndiye awasimamishe.

Kata kucha, za mikono na za miguu.

Vua pete, cheni na saa. Sare iwe safi. Maji si mengi huku kwetu nyakati za kiangazi, na bado watoto wetu wanakuja na sare zilizofuliwa. Mgeni anayetoka penye bomba la maji hana udhuru.

Nakuja kwenye kumite, yaani mapambano ya wawili, na hapa naomba msamaha mapema kwa ukali wangu.

Mjuzi aulize sheria za dojo kabla hajainua mkono. Mitindo haifanani. Kuna dojo ambamo ngumi husimama kabla ya kugusa ngozi, na sifa ya mpiganaji ni kule kuizuia. Watu wa Kyokushin hupigana kwa nguvu zote mwilini, lakini ngumi ya uso kwao ni haramu. Katika mashindano ya taekwondo ya Olimpiki teke la kichwa lina pointi nyingi na ngumi ya uso hairuhusiwi. Mtu akija na mazoea ya kwao bila kuuliza, atamvunja mtu pua na kudai hakujua. Anayejua kupiga ana wajibu wa kujua wakati wa kutopiga, na mkanda mweusi ni ushahidi dhidi yake, haumtetei.

Ukipangwa na aliye chini yako, shuka hadi alipo, kisha panda hatua moja tu juu yake ili apate cha kukifikia. Mwache akuguse. Akikugusa vizuri, mwambie. Huo ndio mchango mkubwa kuliko wote ambao mtu wa uzoefu anaweza kuiachia dojo ngeni kwa jioni moja, na hauhitaji hotuba.

Alikuja bwana mmoja kutoka dojo kubwa ya mjini, sitaitaja. Alipangwa na msichana wa mkanda wa kijani, mwanafunzi wa sekondari, mwepesi, shupavu, aliyekuwa anasubiriwa kwa hamu kwenye mashindano ya kaunti. Msichana akamgusa tumboni kwa ngumi safi, na wenzake wakapiga makofi. Makofi yale ya watoto yalimuuma bwana mkubwa. Kilichofuata ni teke la mbavu, kwa nguvu zake zote. Msichana alianguka akashindwa kuvuta pumzi. Mama yake hakuja kutugombeza. Alituletea sare tu, imefuliwa, imepigwa pasi na kukunjwa, mkanda wa kijani juu yake, akatushukuru kwa yote tuliyomfundisha mwanawe. Yule bwana, nilipomwambia, alinijibu kwamba mapambano ni mapambano. Sikubali. Mapambano yana pande mbili zilizokubaliana. Yale yalikuwa mtu mzima kumpiga mtoto wa watu kwa sababu aliaibika.

Nadhani najua baadhi yao wamepata wapi fikra hizi. Wengi wetu tulianzia kwenye vibanda vya video, tukiwa tumekaa kwenye mabenchi, tukimtazama Bruce Lee. Katika filamu ya Fist of Fury ya mwaka 1972 anaingia peke yake katika dojo ya Wajapani mjini Shanghai na kuwaangusha wote. Tulipiga kelele hadi sauti zikakauka. Lakini yule Chen Zhen wa kwenye filamu hakuwa mgeni aliyekuja kufanya mazoezi. Alikuwa na msiba, mwalimu wake amekufa, shule yake imetukanwa, na mwisho wake aliulipia kwa uhai. Wajapani wenyewe walikuwa na desturi ya zamani ya mtu kwenda dojo ya watu kuwatia changamoto ili ajulikane. Aliyefanya hivyo alijua anachokitafuta, na waliompokea walijua anakuja kama adui. Wewe umekuja Mitaboni Jumamosi alasiri, umepokewa na watu wanaokuita ndugu.

Ukizidiwa, sema. Ukiwa na goti bovu, sema kabla ya kuanza, usingoje mpaka ushindwe ndipo goti likumbukwe.

Usidharau mahali. Sakafu yetu ni ya saruji, mikeka ya mazoezi ni michache na imepishana rangi, na makiwara ni ubao uliofungwa kamba kwenye nguzo. Kuna mgeni aliyeangalia juu, akaangalia chini, akauliza kama hapa ndipo penyewe. Ndipo penyewe. Faith Ogallo aliyeiwakilisha Kenya katika taekwondo kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, kule Bungoma, mbali na kumbi kubwa za Nairobi. Dar es Salaam karate ya Goju-ryu ilienea kutoka kwenye dojo iliyokuwa katika shule ya Zanaki, aliyoianzisha miaka ya 1970 Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani; ikaitwa Hekalu la Kujilinda, na wanafunzi wake wamekuwa walimu ndani na nje ya Tanzania. Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kuwafundisha vijana judo miaka ya 1990 kabla ya kuwepo ukumbi wa maana. Mahali pa mazoezi hupewa thamani na wanaojitokeza kila juma. Mgeni anayepima dojo kwa dari yake amekuja kutafuta nyumba ya kupanga.

Na Bomani na Shimaoka nimewataja kwa sababu ya pili. Wote wawili walikuwa wageni wenye uzoefu mwingi, waliokuta watu wasiojua walichokijua wao, na wakakaa. Kama unaona dojo yetu ina upungufu na roho inakuwasha kuurekebisha, hamia. Njoo kila Jumanne na kila Jumamosi, mvua na jua, miaka kadhaa, na maoni yako tutayasikiliza kuliko unavyofikiri. Maoni ya mtu anayeondoka kesho asubuhi hayatufai.

Usiwaibe wanafunzi. Sijui neno laini la jambo hili. Mtu anakaribishwa, anachagua vijana wawili watatu wazuri kuliko wengine, anawapa namba yake ya simu nyuma ya ukumbi, anawaambia huku wanapoteza muda, kwake kuna mashindano na safari za nje. Kijana wa miaka 17 akisikia habari ya ndege hasikii kingine. Wapo walioondoka hivyo kwetu, wakakaa mjini kwa mtu, na ahadi za safari zikayeyuka. Walipotaka kurudi waliona haya. Kama umeona kijana mwenye kipaji na una njia ya kumsaidia kweli, mwite sensei wake kwanza, mwite mzazi wake, mkae wanne mzungumze mchana peupe. Hakuna mwalimu wa kweli atakayemfungia mwanafunzi wake mlango. Lakini mlango huo ufunguliwe na mwenyewe.

Simu ikae begini. Hao ni watoto wa watu, wala hukuombwa picha.

Fedha. Toa mchango wa ukumbi bila kuulizwa. Nashangaa kuona mtu amekuja na gari lake, ameliegesha kivulini, amefanya mazoezi ya saa mbili, amekunywa maji yetu, kisha anaondoka akipunga mkono, wakati mtoto wa mwenye kibanda cha mboga amelipa shilingi zake kwa sarafu. Muulize mweka hazina au sensei mwenyewe kinachotolewa, utoe hicho na ukiweza uongeze kidogo, kimya kimya, kwa M-Pesa au mkononi. Kutangaza mbele ya mstari kwamba umetoa elfu mbili ni kuwaaibisha wazazi wasio nazo. Na ukitaka kufanya jema litakalokumbukwa, lete kinga za meno na glavu za kumite za saizi ndogo. Hizo ndizo tunazozikosa daima, kwa sababu watoto wanakua na wengine wanakuja nyuma yao.

Sisi wenyeji nasi tuna makosa yetu, na sitayanyamazia. Ipo tabia ya kumpanga mgeni na yule kijana wetu mwenye nguvu kuliko wote, kwenye raundi ya kwanza kabisa, ili “aonjeshwe”. Ni tabia mbaya na lazima ikome. Mgeni apewe kwanza mtu mtulivu, aelewe sheria, mwili wake uzoee sakafu. Vilevile sensei asimsimamishe mgeni aonyeshe kata ambayo hakujiandaa nayo, kisha watu wakacheka tofauti zake. Na Sensei kijana, nakusihi kama mwanangu: jifunze kusema hapana kwa adabu. “Mzee, leo tuna ratiba, tafadhali fanya nasi,” inatosha. Hakuna mzee mwenye busara atakayekasirika, na atakayekasirika hakustahili dakika kumi hizo.

Je, ukiombwa kwa haki ufundishe? Kubali, lakini fundisha jambo moja. Liwe dogo, linaloweza kuendelezwa baada yako bila kukuhitaji: namna ya kuanguka, namna ya kugeuza kiuno, pumzi. Muulize sensei kabla kama linapingana na anachofundisha. Mwombe yeye awe mwenzako wa kulionyesha, ila hakikisha humwangushi vibaya mbele ya wanafunzi wake. Au bora zaidi, wewe uwe unayeangushwa. Ukimaliza, rudi mstarini ulikotoka, na ungoje sensei afunge mazoezi yeye.

Mikeka hukunjwa na wote, na mgeni ashike upande mmoja. Fagio liko nyuma ya mlango. Funguo za ukumbi zinarudishwa kwa mlinzi kabla giza halijaingia, kwa hiyo maongezi marefu usiyafanyie mlangoni. Kama una maswali, mpigie sensei kesho yake akiwa amepumzika, na mpigie pia mwalimu wako umweleze umejifunza nini kwetu.